Toscanini, Kiongozi wa Wapiga Muziki

Mbele ya kundi kubwa la wapiga muziki husimama mtu mmoja asiyepiga chombo chochote. Kazi yake ni kuwaongoza wenziwe kwa fimbo ndogo, ili sauti zote zipatane. Aliyesifika sana kwa kazi hiyo ni Arturo Toscanini wa Italia.

Alizaliwa Parma mwaka 1867, mwana wa fundi cherehani, akajifunza kupiga fidla kubwa. Kwa kuwa macho yake yalikuwa hafifu, alijizoeza kuhifadhi muziki moyoni. Mwaka 1886, mjini Rio de Janeiro, watu walimzomea kiongozi wa mchezo wa kuimba uitwao "Aida" hata akaondoka. Ndipo Toscanini, kijana wa miaka 19, akaitwa kutoka miongoni mwa wapigaji, akauongoza mchezo wote pasipo kutazama kitabu.

Mwaka 1931, mjini Bologna, alikataa kupiga wimbo wa chama cha Mafashisti, akapigwa usoni. Hakuongoza tena muziki nchini mwake mpaka mwaka 1946, utawala ule ulipokuwa umekwisha kuanguka. Alifariki New York mwaka 1957.

Basi, msomaji, alichokihifadhi mtu moyoni humfaa siku asiyoitazamia.