SOMO LA AFYA: El Niño, onyo linalotoka baharini

Ndugu mkazi wa kambi, huenda umesikia redioni kwamba El Niño inakuja. Je, habari hiyo inakuhusu nini wewe unayeishi huku Busia na Tororo, mbali na bahari?

El Niño ni nini?
Ni kipindi ambacho maji ya Bahari ya Pasifiki, kwenye ikweta, hupata joto kuliko kawaida na pepo za huko hudhoofika. Hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7. Kwetu, mara nyingi huleta mvua nyingi kati ya Oktoba na Desemba.

Hujulikanaje mapema?
Maboya yaliyotiwa nanga baharini hupima joto la maji na upepo, na setilaiti huangalia kutoka juu. Joto likizidi wastani kwa nusu nyuzi kwa miezi kadhaa, wataalamu hutoa taarifa. Huangalia pia Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilipata joto, na mafuriko na kipindupindu vikaikumba Kenya na Uganda. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali, lakini mvua haikufikia ile ya 1997. Mwaka 2019 ni Bahari ya Hindi hasa iliyoleta mafuriko. Kwa hiyo onyo si hakika, lakini hukupa muda wa kujitayarisha.

Kwa nini ni jambo la afya?
Mto Nzoia umepasua kingo zake mara nyingi huko Budalang'i. Maji ya mafuriko huingiza kinyesi visimani, na kipindupindu huweza kuanza mara moja. Malaria huongezeka wiki chache baadaye, mbu wanapozaliana kwenye madimbwi.

Ukisikia onyo, fanya haya kabla ya mvua:
- Chimba mfereji kuzunguka makazi yako.
- Funika choo. Toa taarifa kikianza kujaa.
- Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa.
- Shona chandarua kilichotoboka, ulalie kila usiku.

Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpeleke kliniki mara moja. Mtoto mwenye homa naye asingoje kesho.

Mweleze jirani yako asiye na redio.