Unatafuta shaba? Zifuate nyayo za mafuta

Mjiolojia kijana akikabidhiwa masanduku ya sampuli za uchorongaji, jicho lake hukimbilia kinachong'aa. Namshauri aanze na rangi ya mwamba wenyewe.

Shaba, risasi na zinki za kwenye mabonde ya mashapo nyingi zililetwa pale na maji ya moto yenye chumvi kali kuliko ya bahari. Maji yaliyobeba risasi na zinki mara nyingi yalikuwa na joto la nyuzi 75 hadi 200 za Selsiasi. Mafuta nayo huiva ardhini kwenye nyuzi 60 hadi 120 hivi. Ndiyo maana maji hayo na mafuta hupishana katika njia zilezile. Yakikutana, mafuta au gesi huisaidia salfeti iliyomo majini kugeuka salfaidi, na salfaidi hiyo huinasa metali ikaganda mwambani.

Basi panga sampuli kutoka chini kwenda juu, utafute mahali mwamba mwekundu unapokutana na wa kijivu au mweusi. Wekundu ni kutu ya chuma, dalili kwamba hapo shaba iliweza kusafiri. Weusi ni dalili ya mabaki ya viumbe, na hapo ndipo shaba hukwama. Tia alama kwenye mpaka huo, kisha upitie shubiri kwa shubiri kwa lenzi.

Mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, Katanga, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni darasa zuri. Shaba yake imelala pale mwamba wa kijivu wenye pairaiti ulipoketi juu ya mawe ya mchanga mekundu. Ukipanda kutoka chini hukutana na madini ya shaba, yaani kalkosaiti, bornaiti na kalkopairaiti, na mwisho pairaiti tupu isiyo na shaba. Kwa hiyo ukiona pairaiti peke yake usifunge sanduku. Shuka chini zaidi. Mpangilio ukiwa kinyume, chunguza kama tabaka zimepinduka, maana Katanga ina mikunjo ya namna hiyo.

Kalkosaiti ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa sababu haina mng'aro wa kuvutia na hujificha ndani ya mwamba mweusi. Ikwaruze kwa ncha ya kisu: huacha mfereji unaometa. Lami iliyoganda nayo ni nyeusi, lakini ni nyepesi na huvunjika upesi. Madini ya risasi ni mazito mkononi na hupasuka kwa pembe za mraba. Ukishuku zinki, kwaruza upate unga, dondosha asidi hafifu ya haidrokloriki, unuse kwa mbali. Harufu ya yai viza inaunga mkono shaka yako.

Taa ya urujuanimno ni rafiki mwingine. Katika floraiti ya Illinois na Kentucky, Marekani, vitone vya mafuta vilivyofungwa ndani ya madini huwaka chini ya taa hiyo. Safisha sampuli kwanza, kwani grisi na dizeli ya mashine huwaka vilevile. Na usidhani mafuta ya kale hayawezi kudumu: katika mgodi wa shaba wa White Pine, Michigan, mafuta ghafi yalichuruzika kutoka kwenye mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1.

Hapa nisikilize vizuri. Harufu ileile ya yai viza ikitoka kwenye kisima au shimo, ondoka mara moja. Ni gesi inayoua, na ikizidi huizima pua, ukadhani imekwisha. Vaa kipima gesi.

Usidharau visima vya mafuta vilivyotoka vikavu. Waliovichimba hawakuwa na sababu ya kupima shaba. Omba kumbukumbu na vipande vya miamba vilivyohifadhiwa, upime upya sehemu za mpaka wa rangi. Subira hulipa: mjiolojia Jan Wyżykowski aliliamini tabaka jembamba jeusi la Poland kiasi cha kuendelea kulichorongea, na mwaka 1957 akaipata shaba ya Lubin na Sieroszowice.

Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Mabonde mengi yana gesi tele bila madini, kwa kuwa hayakuwa na chanzo cha metali wala maji ya chumvi ya kuibeba. Visipoonekana viwili hivyo kwenye sampuli zako, usimshauri mtu kutoa fedha za kuchoronga.