Projekta ya Mfukoni: Pima Giza Kabla ya Kupima Bei

Kikundi cha akiba, kanisa au shule ya Mella, huku mpakani mwa Uganda na Kenya, inayofikiria kununua projekta ya mfukoni isianze na swali la bei. Ianze na hili: tutaonyesha wapi, saa ngapi, mbele ya watu wangapi? Atakayejibu hayo kwa ukweli hatapoteza pesa zake. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu hela za kikundi ni jasho la watu wengi, na projekta isiyofaa huishia kabatini.

Manufaa yake hayana shaka. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulizungusha sinema za ukulima na afya Tanganyika, Kenya na Uganda. Lilihitajika lori zima kubeba mitambo, zikiwemo santuri za sauti. Leo kazi hiyo hiyo inafanywa na kifaa kinachoenea kiganjani, na bwana shamba anaweza kukipakia kwenye boda pamoja na spika. Shirika la Access Agriculture, lililoanzishwa 2012, limekuwa likiwapa vijana wa Kenya na Uganda projekta zinazotumia sola ili wawaonyeshe wakulima video vijijini, na video zake zinapatikana bure katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Zipo zinazoeleza namna ya kupambana na kiduha, gugu ambalo mkulima yeyote wa mahindi wa Busia au Tororo analijua kwa maua yake ya zambarau na kwa hasara yake.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa. Nguvu ya mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Projekta za kwanza za mfukoni zilizouzwa 2008 zilitoa lumeni kumi hivi, na simu ya Samsung Galaxy Beam ya 2012, iliyokuwa na projekta ndani yake, ilitoa 15. Za leo zinazoingia mfukoni kweli nyingi huwa kati ya 50 na 300. Ukiona boksi limeandikwa 9,000 na kifaa chenyewe kina ukubwa wa tofali la sabuni, namba hiyo usiiamini. Tafuta neno ANSI au ISO mbele ya lumeni. Hivyo ndivyo vipimo vinavyofuata utaratibu unaojulikana. Kama hakuna, muuzaji amechagua namba inayompendeza.

Lumeni 100 za kweli zinatosha picha yenye upana wa mita moja hivi, kwenye giza, na itang'aa karibu sawa na ya ukumbi wa sinema. Sogeza projekta nyuma hadi picha ifike mita mbili, na mwanga ule ule sasa umetandazwa kwenye eneo mara nne. Kila sehemu ya ukuta inabaki na robo tu. Nyuso zinafifia, na maandishi ya chini hayasomeki. Kwa hiyo watu ishirini au thelathini waliokaa karibu watafurahia projekta ndogo. Uwanja wa shule uliojaa kijiji kizima haitauweza. Kwa kazi hiyo kodisha projekta kubwa.

Mchana wa jua usijisumbue. Hata kivuli cha mwembe kina mwanga mwingi kuliko projekta yoyote ya mfukoni. Huku kwetu karibu na Ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa moja kwa mwaka mzima, na giza halichelewi. Baada ya nusu saa hivi unaweza kuanza. Tangaza kikao kianze saa moja na nusu usiku, wala usiwaite watu saa kumi na moja wakasubiri hadi wachoke. Darasani mchana inawezekana, ila madirisha yazibwe kwa magunia au mablanketi, na mabati yenye matundu yanavujisha mwanga zaidi ya unavyodhani.

Mtego wa pili ni ukali wa picha. Boksi likisema inakubali 4K, maana yake ni kwamba inaweza kusoma faili la 4K. Picha itakayotoka ni ile ambayo kifaa chenyewe kina uwezo nayo, na kwa nyingi za bei nafuu ni nukta 854 kwa 480. Kwa video ya kilimo hiyo inatosha. Kwa maandishi madogo ya mafunzo ya wauguzi haitoshi.

Dukani usikubali kuonyeshwa kwenye ukuta wenye taa. Omba taa izimwe au mwingie chumba cha nyuma. Beba flashi yenye video yako, iwe MP4 ya kawaida, uichomeke. Tazama pembe nne za picha: mara nyingi katikati ni safi huku pembeni maandishi yamevimba. Iache iwake angalau robo saa, usikilize feni na kugusa ganda lake. Kisha ijaribu na simu utakayotumia, maana simu nyingi za bei ya chini hazitoi picha kwa waya hata kama tundu linafanana, na kurusha picha bila waya hukatikakatika. Flashi haina matatizo hayo, tena haili bando.

Betri nyingi za ndani hazimalizi saa mbili. Pawabenki ya mAh 10,000 ina nishati ya wati-saa 37. Projekta inayokula wati 15 itaimaliza kabla ya saa mbili na nusu, na kwa kuwa nishati nyingine hupotea njiani, hesabu chini ya mbili. Hakikisha chaja na pawabenki zinatoa nguvu inayotakiwa, kwa sababu projekta nyingi hazitosheki na umeme unaotosha simu.

Sauti ya ndani ni ya chumbani. Nunua spika ya nje na uiunganishe kwa waya. Ya Bluetooth wakati mwingine huchelewesha sauti. Na kwa Mella, ambako mkutano mmoja unaweza kuwa na wasemaji wa Ateso, Dhopadhola na Kiswahili, mtafute mtu wa kufasiri. Vibanda vya video vya Uganda vimefundisha watu kazi hii kwa miaka mingi: mfasiri hupunguza sauti ya filamu na kusimulia kwa lugha ya waliokaa mbele yake. Mwenye kuongoza kikao asimamishe video kila dakika chache watu waulize. Hapo ndipo mafunzo yanapoingia.

Shuka jeupe jepesi hupitisha mwanga, basi weka mawili au tumia ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Msimu wa mvua, kumbikumbi watafuata mwanga moja kwa moja hadi kwenye lenzi na matundu ya feni. Washa taa nyingine mbali kidogo iwavute huko. Watoto wasichungulie ndani ya lenzi.

Ukitoza kiingilio, umeingia kwenye biashara yenye sheria zake. Kenya, maonyesho ya hadhara yanahitaji kibali cha Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na pande zote mbili za mpaka filamu za watu zinalindwa na sheria ya hakimiliki.

La mwisho ni mpaka wenyewe. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mizigo isiyozidi dola 2,000, lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Projekta iliyotengenezwa China haimo, hata ukiwa na risiti ya Nairobi. Kwa hiyo kabla ya kununua ng'ambo, uliza forodha ya Malaba au Busia utalipa nini, ujumlishe na bei ya duka. Pia fikiria waranti: kifaa kikiharibika utalazimika kukivusha tena kukirudisha, wakati duka la upande wako lingekibadilisha siku hiyo hiyo.