Dondoo Muhimu: Kabla ya Kumpeleka Mtoto kwa Mwandishi Mashuhuri

Mwimbaji Madonna alipotoa kitabu cha watoto, The English Roses, mwaka 2003, alifuata njia ambayo mwigizaji Julie Andrews aliipita tangu 1971 kwa kitabu chake Mandy. Na kwa kuwa umaarufu huuza upesi tikiti za hafla za watoto kukutana na waandishi kama hao, yampasa mzazi atahadhari, mwanawe asije akarudi nyumbani mnyonge.

• Uliza, kabla ya kutoa fedha, iwapo mwandishi atasoma, atajibu maswali ya watoto, au atatia saini tu.

• Fahamu kwamba nakala huweza kutiwa saini mapema, na kwamba kuandikiwa jina la mtoto au kupiga picha na mwandishi si haki ya kila mwenye tikiti, isipokuwa iwe imebainishwa katika tangazo.

• Tazama umri uliokusudiwa na urefu wa foleni, maana mtoto wa miaka 5 hastahimili kusimama saa nzima.

• Msomee kitabu kwanza, ili furaha yake itegemee hadithi zaidi ya sura ya mtu.

• Ahadi isipotimizwa, waandikie waandalizi barua ya adabu, ukiambatisha tangazo na stakabadhi, kwani mtoto naye anastahili kutimiziwa ahadi.