TAKATAKA ZA SHULE NI MALI
Katika shule nyingi za Kenya takataka zote hutupwa shimoni na kuchomwa moto. Desturi hiyo ina hasara mbili: moshi wa plastiki hudhuru vifua vya watoto, na kitu ambacho kingekuwa mbolea huteketea bure. Tangu mwaka 2022 sheria yataka takataka zinazooza zitengwe na zile zisizooza. Basi maganda, majani na mabaki ya jikoni yapangwe tabaka kwa tabaka pamoja na samadi, yanyunyiziwe maji, na kugeuzwa kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu hivi hupatikana mbolea nyeusi ya kustawisha sukuma wiki. Mtoto ajifunzaye kazi hiyo shuleni ataifikisha katika shamba la wazazi wake.