Wazo Jipya Kazini: Jaribu Padogo, Tazama Sana, Amua kwa Wakati

Kijitabu hiki ni cha mameneja na wafanyakazi wa kampuni, kubwa kwa ndogo, wenye wazo jipya wanalotaka lizae matunda. Mawazo mengi hufa kwa kukosa mwenyewe. Mengine humeza fedha miaka nenda miaka rudi kwa kuwa hakuna anayethubutu kusema basi.

Funzo la M-Pesa

Oktoba 2005, kampuni za simu za Vodafone na Safaricom zilianza majaribio ya M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, nchini Kenya pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Lengo lilikuwa mkopaji alipe marejesho yake kwa simu. Wateja hawakuzidi 500 na mawakala walikuwa 8, katika maeneo matatu: katikati ya Nairobi, Mathare na Thika.

Punde wateja wakaonyesha mahitaji mengine. Msafiri aliweka fedha kwa wakala mwanzo wa safari, akazitoa alikofika. Njiani hakuwa na cha kuibiwa. Wafanyabiashara walihifadhi mauzo ya jioni, benki zikiwa zimeshafungwa. Wengine waliwatumia jamaa zao pesa. Wasimamizi waliyazingatia hayo, wakayaweka kando marejesho ya mikopo. Machi 2007 huduma ilizinduliwa Kenya nzima kwa kazi moja iliyoeleweka na kila mtu: kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia kampuni ya simu ya Vodacom.

Hatua tano za kusimamia mradi

Nanyi mnaweza kujaribu padogo na kuwatazama wateja vivyo hivyo:

1. Upeni mradi mwenyewe. Mtu mmoja awajibike, na apunguziwe kazi nyingine.
2. Andikeni swali. Mnataka kujua nini, na kipimo gani kitawapa jibu? Kubalianeni kabla ya kuanza.
3. Anzeni padogo. Toeni fedha kwa awamu. Awamu ya pili isubiri matokeo ya kwanza.
4. Nendeni walipo wateja. Tazameni wanavyoitumia huduma, hata wakiitumia msivyotarajia. Andikeni mnachokiona siku hiyohiyo.
5. Wekeni tarehe ya uamuzi. Ikifika, chagueni: kuendelea, kubadili au kusitisha.

Neno kwa viongozi

Mradi ukisitishwa, mshukuruni aliyeuleta na hifadhini mlichojifunza. Mfanyakazi mmoja akiadhibiwa kwa jaribio lililoshindikana, wenzake watafunga midomo, na kampuni itabaki na mawazo ya bosi peke yake. Wiki hii, wasikilizeni wanaokutana na wateja kila siku: wa kaunta, wa ghala, wa gari la mizigo. Chagueni wazo moja, mlipatie mwenyewe na tarehe ya uamuzi.