Mpatanishi Si Refa

Wadogo zangu, leo Dada yenu anataka tuongee kuhusu ugomvi. Msijifanye malaika, wote mmewahi kununiana na rafiki.

Tuseme mko uwanjani. Mwenye mpira, wenzake wamekataa kumpanga, eti hajui kucheza. Naye kaukwapua mpira wake, huyoo, nyumbani. Mchezo umekufa, wote mmekosa.

Hapo ndipo mpatanishi anapohitajika. Huyu si refa. Hapulizi filimbi wala hatoi kadi. Kwanza anauliza kama pande zote mbili zinataka msaada wake. Zikikubali, anaweka masharti: mmoja akisema, wengine wasikilize, na matusi hakuna. Kisha anamuuliza kila mmoja, "Kwa nini?" Kumbe mwenye mpira amechoka kuwa mtazamaji kila siku. Kumbe wenzake hawamchukii, wanaogopa kufungwa tu! Basi wenyewe wanapatana: atacheza kipindi cha kwanza, na wanaojua watamfundisha kutoa pasi. Mpatanishi anayarudia makubaliano kwa sauti, ili kesho asitokee wa kusema, "Mimi sikukubali hivyo."

Hata wakubwa huhitaji mpatanishi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia kwenye ghasia, na zaidi ya watu 1,000 walikufa. Mwai Kibaki na Raila Odinga kila mmoja alisema ameshinda urais. Wakaja wapatanishi: Kofi Annan wa Ghana, Graça Machel wa Msumbiji na Benjamin Mkapa wa Tanzania. Mazungumzo yalichukua wiki kadhaa, lakini Februari 28, 2008 mahasimu hao walitia saini makubaliano jijini Nairobi. Kibaki alibaki Rais, Raila akawa Waziri Mkuu. Annan hakumtangaza yeyote kuwa mshindi. Waliopatana ni wenye ugomvi wenyewe.

Nawe unaweza kuwapatanisha wenzako. Usiegemee upande wa rafiki yako, wala usitangaze uliyoambiwa faraghani. Ukiona huwezi kutopendelea, mwachie mwingine.

Ila sikieni vizuri, wadogo zangu. Mtu akikupiga, akikutisha au akikugusa vibaya, huo si ugomvi wa kupatanishwa na mtoto mwenzako, hata kama amekukataza kusema. Mwambie mzazi, mwalimu au mtu mzima unayemwamini, siku hiyohiyo. Wa kwanza asipokusikiliza, mwambie mwingine.